Mvinyo Ambao Nesta Hakuuonja

Tunduma ina wapishi wengi, lakini ukiwauliza madereva wa malori ya Zambia samaki wa kuchoma wanapatikana wapi, watakuelekeza kwa Nesta, nyuma ya nyumba ya wageni ya Mzee Sadock. Wao humwita bamayo, yaani mama. Dereva aliyelala foleni mpakani siku nzima hamwiti mtu mama bure bure.

Kabla ya kushika jiko hilo, Nesta alikuwa mpika pombe kule Vwawa. Kimpumu chake, pombe ya ulezi, kilisifika, na mteja wake mkubwa alikuwa yeye mwenyewe. Alikunywa mpaka mume akaondoka na watoto wakahamia kwa bibi yao. Kisha akaokoka, akavunja vyungu vyake vya pombe mbele ya kanisa zima, na watoto wakarudi. Watu walisahau upesi. Yeye hakusahau hata siku moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na utulivu wa yule mama ulikuwa ukiundwa upya kila asubuhi.

Mwaka 2004 alikuwapo pale mgeni Mfaransa, fundi wa kuchimba visima, watu wakimwita Bwana Loiki. Mkataba wake ulipokwisha aliingia jikoni na chupa moja, ameipakata kama mtoto mchanga. Ulikuwa mvinyo mweupe wa kwao, jirani na mji wa Nantes, pale mto Loire unapokaribia bahari. Unaitwa Muscadet. Alikuwa ameubakiza kwa siku ya kuaga.

"Mama, nipikie chakula kinachopatana nao," alisema kwa Kiswahili chake cha visimani. "Kwetu tunaunywa tukila samaki, au chaza wa baharini."

"Chaza hatuna. Samaki wapo."

Mzee Sadock, mtu asiyejua kupitwa na jambo, akadakia. "Onja basi ujue unapikia nini. Tone moja tu, mama."

"Mimi nilianza na tone, Mzee."

Akamgeukia Mfaransa, akamhoji kama daktari anavyomhoji mgonjwa. Una utamu? Hapana. Unachachuka? Kama ndimu iliyotiwa maji mengi. Na mwishoni, ukishameza? Mfaransa akafumba macho, akafikiri. Chumvi, alisema, kidogo sana, na lazima uwe wa baridi.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Nesta alikamua ndimu kwenye maji ya friji, akatia chembe za chumvi ya Ivuna, akapata mvinyo wake wa kujaribia. Akaanza kuonja chakula kimoja kimoja na kushushia maji yale. Mchuzi wa nyanya ukagombana na ndimu. Karanga zikaizima kabisa. Nyama ya ng'ombe ikayafanya yawe maji matupu. Ruti, msaidizi wake, alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, leo utalewa ndimu!"

Ilipofika zamu ya perege wa Ziwa Rukwa, aliyechomwa taratibu kwa mkaa, chumvi na mafuta kidogo bila kiungo kingine, pembeni viazi vya kuchemsha, kila funda lilimfanya atamani tonge jingine. Nesta akaweka kikombe chini. Amepata.

Mchana wa kuaga, Bwana Loiki alikula, akanywa, akala tena. Machozi yakamlengalenga mbele za watu. Kisha akajaza glasi, akaileta mwenyewe jikoni, akaitoa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa huku kwetu.

"Mama, umenirudisha nyumbani. Na wewe unywe. Huu hulala juu ya machicha yake majira yote ya baridi."

Nesta hakuwa na haja ya kuambiwa. Harufu ya machicha ilikuwa imeshamfikia, ile ile ya vyungu vyake vya Vwawa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu nyoka alikuwa hai. Lakini Nesta alilelewa vizuri, na zawadi ya mgeni hairudishwi mbele ya macho yake. Akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mfaransa akatoka ameridhika, na wote wakamfuata uani kupiga picha kwenye gari.

Jikoni akabaki yeye na glasi. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Nje walikuwa wanacheka, na mkono wake ulikuwa umeikamata ile glasi, na glasi ilikuwa imeshapanda hadi kifuani.

"Ruti!"

Ruti alikuja mbio akidhani mtu ameungua.

"Mwaga hii."

"Si uimwage tu mwenyewe, dada? Karo hiyo hapo ubavuni kwako."

"Mimi nimeokoka, Ruti," Nesta alisema. "Huu mkono bado."

Ruti akaacha kubisha. Akamsogelea, akamkunjua vidole kimoja kimoja, akaichukua glasi.