Nilivyowasomea Watu wa Lushebere Maandishi ya Mwisho

Siku yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Ngungu, katika depo, yaani ghala la maharagwe, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa ambaye shule yake ilifungwa kwa sababu ya vita. Patron, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alikuwa na lori, duka na projekta, mashine ile inayotupa picha kwenye shuka jeupe. Alitaka mtu wa kugeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo, picha ikitembea. Akanipa mikro, kile kipaza sauti, na kusema, "Mwalimu, usiache bantu wasinzie," yaani watu.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa kisa cha kweli cha wavuvi waliopotea baharini, wanakufa kiu. Nilitafsiri vizuri, nikaanza kujisifu moyoni, mpaka mama mmoja wa mbele akauliza, "Papa, maji iko mingi pale. Juu ya nini wanakufa na kiu?" Depo nzima ikacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonja bahari. Nikaeleza kwamba maji yale yana chumvi. "Sasa wangetuletea," akajibu, maana wiki hiyo lori la chumvi lilikuwa limekwama matopeni.

Ninyi vijana mnadhani kutafsiri filamu ni kujua lugha tu. Wapi! Mkono mmoja haubanduki kwenye kifungo cha bafle, yaani spika kubwa: unashusha sauti watu wakizungumza, unaachia mawimbi yakianza kupiga. Groupe, jenereta yetu, unaiweka mbali nyuma ya nyumba isije ikakumezea maneno. Kisha kuna jenerike, majina yanayopanda mwishoni. Katika filamu za kubuni, jenerike ikianza watu wanainuka. Katika filamu za maisha ya kweli, kabla ya majina huja mistari michache inayosema nani alipona na nani hakuonekana tena. Hapo wasiosoma Kifaransa hawana macho mengine ila yangu.

Tulizunguka. Huko Kirolirwe wachungaji waliuliza kama ng'ombe angeweza kuogelea mawimbi yale, wakabishana mpaka jua likainama. Huko Walikale, mchimbaji mmoja aliyewahi kufukiwa shimoni alisimama baada ya filamu, akasema wale watu wa bahari ni ndugu zake, akalia mbele yetu bila aibu. Patron hakupenda. Kwenye lori aliniambia, "Mwalimu, bantu wako na kilio yao ku nyumba. Kwangu wasikute ingine." Nikaifanya sheria. Mistari ya mwisho ikiwa mizito, niliipunguzia uzito kidogo. Nilijiambia kwamba ni huruma.

Hapo ndipo nilipoikosea kazi, na nitalisema kosa lenyewe lilivyo.

Lushebere, karibu na kambi ya wakimbizi, tulionyesha filamu ya watu watatu walioelea kwenye chelezo wiki nyingi. Mmoja anateleza majini, picha inaendelea bila yeye. Mwishoni ikaandikwa kwamba wawili waliokolewa, wa tatu hakupatikana kamwe, na jamaa zake walimfanyia kilio, yaani matanga, baada ya mwaka. Nikawatazama watu, nikaikumbuka sheria yangu. Nikasoma hivi: "Wa tatu aliokotwa na meli ya mbali, akarudi kwake kisha mwaka," yaani baada ya mwaka. Wakapiga makofi.

Mama Bahati akasimama. Alikuwa mkulima wa pale pale, na mume wake alikuwa amezama na mtumbwi ziwani Kivu wiki chache kabla, mwili haukuonekana. "Kisha mwaka?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, imeandikwa."

Tuliporudi huko, miezi minane ilikuwa imepita. Shemeji yake Mama Bahati, katekista, alinifuata kabla sijashusha shuka kutoka kwenye lori. "Papa Mwalimu, filme yako ilitufunga," akasema. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba ukoo ulikuwa umeshapanga kuzika shina la mgomba mahali pa mwili, kama ifanywavyo kwao mtu akipotea majini. Mama Bahati alikataa. "Anasema bwana yake atarudi kisha mwaka, sawa ule wa filme. Na kwetu mujane hashike jembe mbele kilio haijaondoka. Shamba yake iko pori. Batoto wanakula kwa majirani, na majirani wamechoka."

Nilikwenda kwa Patron, nikamwambia nataka kuionyesha filamu ile tena, niisome ilivyo.

"Ukisema ulidanganya, nani ataamini kinywa yako?"

"Hakuna," nikamjibu.

Akasema, "Onyesha. Kisha urudishe mikro."

Alasiri ile nilisimamisha picha juu ya ile mistari. Nikakiri mbele ya wote kwamba niliigeuza, nikaisoma upya. Nilitegemea matusi. Mama Bahati hakunitukana. Alisema polepole tu, "Ile siku uliapa imeandikwa. Leo pia unasema imeandikwa. Nitajuaje?"

Akamgeukia binti yake, Bahati mwenyewe, aliyekuwa mwaka wa pili wa sekondari. "Enda usome."

Msichana alisimama karibu na shuka, maandishi yakimwangukia usoni. Alisoma Kifaransa neno kwa neno. Nikataka kumsaidia, mama yake akanizuia kwa mkono. Bahati akasema bila kugeuka, "Wa tatu, hawakumuonaka tena. Jamaa yake walifanya kilio. Mama, ndio vile imeandikwa." Kazi yangu, mtoto ndiye aliyeimaliza, na kwake habari ile ilikuwa ya baba yake. Aibu ile sijaivua mpaka leo.

Jumamosi walizika mgomba. Jumatatu Mama Bahati alishika jembe. Mimi nilirudisha mikro, nikarudi kufundisha katika shule moja ya milimani mpaka magoti yakakataa.

Sasa nimestaafu, na kila mtu ana filamu zake kwenye simu. Wanaotafsiri leo wananiuliza siri ya kazi. Nawaambia: mwenye kufiwa msomee yote. Wanaitikia, lakini naona hawajaelewa.

Majuzi nilimkuta Mama Bahati sokoni Masisi, anauza maharagwe yake mwenyewe, mazuri. Nikamsalimu, nikaomba msamaha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya sisi wawili peke yetu.

"Njaa ya batoto nilikusamehe zamani, Mwalimu," akasema. "Lakini ile miezi yote nilikuwa na bwana yangu muzima mu roho. Batoto wanalia, na mie niko na furaha. Ile ndio sijui nani atanisamehe mie."