Paa la Mjane

Fundi wa mabati wa hapa Ndhiwa huvua viatu kabla ya kupanda ngazi na kuvipanga mlangoni kama mgeni anayeingia sebuleni. Misumari huibana kwa midomo, kwa hiyo akiwa juu hajibu mtu. Anagonga tu, halafu anapapasa bati kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kiganja chenyewe kina makovu ya bati, na kucha amezipaka rangi nyekundu.

Kwetu, mwanamke hapandi juu ya nyumba, na paa la mjane husubiri mwanamume atakayemrithi. Mimi nilikataa kurithiwa, basi kila mvua nikawa nakinga matone kwa sufuria. Siku fundi alipokuja kwangu, shemeji yangu mkubwa alifika na fimbo yake, akasimama chini ya ngazi.

"Mama, shuka. Hii boma ni ya ndugu yangu."

Fundi akatoa misumari mdomoni, akasema taratibu kama mtu anayeomba maji ya kunywa. "Najua, baba. Hata hawa watoto wanaonyeshewa ni wake. Hebu nishikie ngazi, inateleza."

Mzee akawatazama watoto, akatazama njiani, kisha akaegemeza fimbo ukutani na kuishika ngazi kwa mikono miwili. Hakuiachilia mpaka msumari wa mwisho.

Jioni mvua ikaja na fujo zake zote. Nikawapikia watoto ugali, omena na sukuma wiki kwa wakati mmoja, maana sufuria zangu zote zilikuwa jikoni.