Mkojo Uliopoteza Wekundu

Miaka ya tisini, kijana wa Munanila, niliugua kifua kikuu. Katika kliniki ya mjini Kasulu, nesi alinipa vidonge akanieleza mbele ya wagonjwa wote, bila kushusha sauti: "Mkojo wako utakuwa mwekundu. Usiogope, ni dawa. Na macho..." Mimi nina aibu. Mwanamke akitamka mkojo mbele yangu, masikio yanaziba. Ya macho sikuyasikia.

Kweli, mkojo ukawa mwekundu. Nikazoea. Kikohozi kikapungua, nguvu zikarudi, msimu wa kahawa ukanikuta shambani na mama. Kahawa huchumwa zilizoiva tu, zile nyekundu. Za kijani huachwa mtini.

Asubuhi moja, nyuma ya choo, nikaona mkojo hauna wekundu tena. Ulikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Nikafurahi sana: ugonjwa umetoka!

Mchana mama akachungulia kikapu changu.

"Mawe, mama yangu! Unachuma nini wewe? Nusu nzima mbichi!"

"Mama, zimeiva."

"Zimeiva kwa nani, kwa mbuzi? Akili yako iko kwa binti gani?"

Binti kweli alikuwapo, ila mwenyewe hakuwa na habari.

Siku ya kliniki nikamnong'oneza nesi: "Sista, nimepona. Ule... ule wekundu umekwisha."

"Umeacha kumeza dawa!"

"Nameza, sista."

"Unameza au unatupa migombani? Haya, shika kikopo."

Nilirudi nimekificha ndani ya shati. Yeye akakiinua dirishani, benchi zima likatazama.

"Huu si mwekundu?"

"Si mwekundu, sista."

Mzee mmoja akadakia: "Kijana, huo hata mimi mwenye mtoto wa jicho nauona!"

Watu wakacheka. Nesi hakucheka. Akanyooshea kidole kanga ya mama mmoja. "Ile rangi gani?"

"Ya udongo."

Kicheko kikakatika. Kumbe ilikuwa nyekundu.

Daktari akaondoa kidonge kimoja, vingine nikaendelea navyo. Alisema kile kimeumiza mshipa wa fahamu wa jicho, na kama ningeendelea kukimeza ningeweza kupofuka. Rangi huenda zingerudi, huenda zisirudi.

Basi kila asubuhi mama alinifungulia kiganja chenye matunda mawili ya kahawa. "Lipi limeiva?" Nikikosea, aligeuka akaenda zake shambani bila neno. Nilipenda zaidi aliponitukana. Nikipatia, aliuliza: "Umeona au umebahatisha?" Nilikuwa nimebahatisha.

Kahawa zilikuwa karibu kwisha mtini nilipotazama chini, nyuma ya choo kilekile, nikasahau aibu yote.

"Mama! Mwekundu! Mkojo mwekundu!"

Mama akaja mbio na jembe mkononi. Nyuma yake, kwenye njia ya kisimani, alikuwa amesimama yule binti. Ndoo yake ilikuwa nyekundu, kanga yake ya kijani. Niliviona vyote viwili vizuri kabla sijakimbilia migombani.