Nyasi za Kando ya Njia ya Ndege

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha zimamoto cha uwanja wa ndege wa Bujumbura, mkuu wa zamu, ambaye sote tulimwita Shefu, alinivalisha koti zito la kuzuia moto akanikimbiza nalo juani mpaka nikakosa pumzi. "Huyu ataweza," akasema. Nilikuwa fundi wa magari kutoka mtaa wa Buyenzi, sijawahi kuigusa ndege.

Vita ilitukuta kazini. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Buterere, nasi tukakatazwa kukanyaga nyasi za kando ya njia ya ndege. Ilisemekana mabomu yametegwa humo. Nani aliyatega, hatukuambiwa.

Asubuhi moja, Espérance, binti aliyekuwa akijifunza urubani, aliruhusiwa kurusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Mwalimu wake alisimama karibu na gari letu. Ndege ndogo ikashuka vizuri, ikagusa lami kwa nguvu, ikadunda. Hapo rubani hutakiwa kuongeza nguvu ya injini apae tena. Yeye akaisukuma pua chini. Gurudumu la mbele likavunjika, ndege ikapinda, ikatumbukia kwenye nyasi.

Tulisimama ukingoni mwa lami. Mafuta yalikuwa yakichuruzika bawani. Espérance akafungua mlango, akatoa mguu.

"Usikanyage chini!" mwalimu akapiga kelele. "Zima kila kitu! Baki mu ndege!"

"Mafuta inamwangika! Itawaka!"

"Baki, mwanangu!"

Akaurudisha mguu, akilia.

Shefu alizitazama alama za magurudumu. "Penye gurudumu imepita, mutu anaweza kupita. Mi naenda."

"Apana, Shefu," nikamzuia. "Ukienda, nani ataongoza povu? Mi naenda."

Povu ndilo hufunika mafuta yasishike moto. Wenzangu walipolirusha, nikaanza kutembea, mguu mmoja mbele ya mwingine, nikitamka shahada. Alama ilikuwa nyembamba kama kiatu changu.

"Panda mugongo," nikamwambia.

"Papa, naogopa."

"Na mi pia. Shika shingo, usicheze."

Kurudi kulikuwa kugumu zaidi, kwa maana ilinibidi nigeuke naye mgongoni bila kutoka kwenye alama. Nilipofika kwenye lami sikuweza kumshusha. Mwalimu ndiye aliyembandua.

Alasiri wanajeshi walipekua nyasi zile wakalipua bomu moja. Lilikuwa upande ule ule ambako Espérance alitoa mguu.

Nilidhani hatutamwona tena, lakini Espérance alirudi. Alipopanda peke yake mara ya pili, tuliwasha gari mapema. Ndege ikashuka, ikagusa lami, ikatulia. Shefu akakaa chini pale pale, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtikisika.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kikosi huniuliza juu ya moto mkubwa niliowahi kuzima. Mimi huwasimulia asubuhi ile, ambapo hakuna kilichowaka.