Mguu wa Swala

Kaka yangu alipotoka hospitali alikuwa hana meno ya kutafunia wala hamu ya kula. Uji alikunywa vijiko viwili akageukia ukuta. Siku ya nne akaniambia, "Nataka nyama ya swala, ile ya kukatakata ya mama. Hiyo nitakula."

Mimi si mtu wa kubembeleza mgonjwa, lakini hapo niliinuka. Nikaenda Ilala kwenye bucha la nyamapori, nikarudi nyumbani Kariakoo na mnofu mwekundu usio na mafuta hata chembe.

Swala ni mkavu. Mama yetu, kule Tunduru, aliiweka nyama yake juu ya kigogo cha mkwaju, akashika visu viwili, mkono huu na huu, akaikata mpaka asiye na meno aweze kuimeza. Halafu aliipika taratibu na korosho zilizotwangwa ili isikauke. Sisi watoto tukivisikia vile visu tuliacha mchezo, tukarudi nyumbani bila kuitwa. Kigogo ninacho mpaka leo, kimebonyea katikati.

Mjukuu wangu aliponiona nakivuta uani akasema, "Jamani bibi, si kuna mashine ya kusagia pale kona? Dakika mbili tu."

"Mashine inaikamua maji yake. Twanga korosho, acha maneno."

"Haya, mke mwenzangu."

Kaka alikuwa amelala, kwa hiyo nikakata, nikapika. Harufu ilijaa ua mzima, wapangaji wakaanza kuchungulia. Alipoamka nikampelekea bakuli. Akalitazama, kijiko hakushika.

"Nyama yenyewe iko wapi?"

"Si hiyo?"

"Mbona sikuonyeshwa?"

Hapo nikakumbuka, nikaona aibu, na aibu kwangu huja pamoja na hasira. Ukoo wetu haugusi pongo, yule ndugu yake swala wa vichakani, ndio mwiko wetu, na nyama ikishakatwakatwa zote ni moja. Kwa hiyo mama hakutia kisu kabla hajapita na mguu wa mnyama, una ngozi na kwato zake, akamwonyesha kila atakayekula, hata mtoto wa mgongoni. Mimi miaka yote hii mjini nanunua ng'ombe. Nani aonyeshwe mguu wa ng'ombe? Nimesahau.

"Mimi nikulishe pongo? Kwa umri huu?"

"Sijasema utanilisha pongo. Nasema mama angenionyesha." Akageukia ukuta.

Nilitamani kumwacha na njaa yake. Lakini mkono wake juu ya shuka ulikuwa umebaki mifupa. Bakuli nikampa mjukuu, nikajifunga khanga upya, nikarudi Ilala.

"Nataka mguu wa nyuma wa swala, una ngozi yake," nikamwambia muuza nyama.

Akacheka. "Shikamoo bibi. Hiyo miguu tunaitupa."

"Marahaba. Basi nipe hiyo ya kutupa, na nyama ya mnyama huyohuyo. Usinichanganyie."

Kaka aliupokea mguu kwa mikono miwili. Akapapasa juu ya kisigino mpaka akakipata kishungi cha manyoya meusi. Swala anacho, pongo hana; baba ndiye aliyetufundisha. Akakisugua kwa kidole gumba, weee, nikadhani amesahau kama nimesimama.

"Swala," akasema. "Kata."

Uani sikwenda. Nilikiburuta kigogo hadi kando ya kitanda, nikakaa chini, nikashika visu viwili. Akafumba macho. Nje vipaza sauti vya wauza nguo vilikuwa vinalia kama kawaida, lakini najua yeye alikuwa anasikia visu tu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nasikia vya mama.

Ilipoiva alikula bakuli zima, pole pole, akamalizia kulifuta kwa tonge la ugali.

"Chumvi kidogo," akasema. "Tangu utoto una mkono wa uchoyo."

"Kesho upike mwenyewe."

"Kumbe kesho ipo nyingine?"

"Ipo. Lala."

Nikanyoosha mkono niuchukue ule mguu nikautupe, akaukatalia, akausogeza chini ya mto. Mimi sipendi uchafu ndani ya nyumba yangu. Nikamwachia.