Pini Iliyopinda ya Veronika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalia meza ya pindo za shuka, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimefumua pindo moja mara nne. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Chumba cha kushona kilikuwa cha watawa, karibu na kambi ya wafanyakazi, katika mji huu ambao wakati ule tuliuita Élisabethville. Mtawa msimamizi alisimama nyuma yangu.

"Weye unashona ao unafumua?"

"Byote mbili, Ma sœur."

Wenzangu walicheka. Mimi nilitaka kulia.

Kazi ya waya, ya kutengeneza vibanio na pini, hakunifundisha mtu. Mwezi wa sita baridi ya huku inauma, na kila mama alipita akishikilia shali yake kwa mkono. Baba yangu alikuwa katika kikosi cha nyaya za umeme. Alivua kofia mbele ya bwana wake akaomba vipande vya shaba vilivyokuwa vikitupwa, akaniletea, nami nikaanza kubahatisha. Kibanio cha nywele ni rahisi: unakata waya, unaukunja katikati kuzunguka penseli, kisha unaitia miguu yake mawimbi kidogo ili kisiteleze. Pini ya shali inadai zaidi. Katikati unazungusha waya mara mbili upate springi. Mguu mmoja unaunoa kwa tupa mpaka upenye sufi bila kukata uzi. Mwingine unaukunja uwe ndoano ya kushika ncha.

Mtawa aliona vibanio vyangu, akanipa meza ndogo dirishani kwa majaribio.

"Fanya pini ya arusi ya Veronika. Ikishika, meza iko yako. Isiposhika, unarudia mashuka."

Veronika alikuwa mwenzetu wa meza ya kutarizi. Pini yake ya kwanza ilitoka imeinama upande, nikaitupa ndani ya mfuko wa aproni. Ya pili ilikaribia kunyooka. Kukaribia hakukunitosha. Wiki nzima niliikunja na kuikunjua, nikiipima kwa rula, nikiamka usiku kwa wasiwasi kuikagua tena. Sikujua kwamba shaba huchoka: kila ukiikunja inazidi kuwa ngumu, mpaka inakatika.

Ilikatika Jumamosi asubuhi, mlangoni mwa kanisa, mikononi mwangu, juu ya shali ya bibi arusi.

"Fundi gani huyu?" shangazi yake alisema. "Sasa tumufunge mutoto na mate?"

Mtawa alinitazama. Niliona mashuka yakinisubiri.

"Ni waya, Ma sœur. Waya ya baba iko mubaya."

Baba alikuwa hatua tatu kutoka hapo, amevaa koti lake la Jumapili. Alisikia. Alitazama viatu vyake.

"Basi waya yake isiingie tena kwetu," mtawa alisema.

Veronika alikuwa akitetemeka kwa baridi. Aligusa aproni ya kazi niliyokuja nimeivaa. "Mu aproni yako muko nini?"

"Iko moja ya kupinda. Sikuirudilia."

"Inafunga?"

"Sijui."

"Leta. Bantu banangoja."

Ikafunga. Misa nzima sikumtazama padri, nilitazama pini. Mchana walicheza, shangazi akimvuta Veronika huku na huku, na pini ikabaki pale pale. Ile niliyoigusa mara moja tu ndiyo iliyoshika. Waya ulikuwa ule ule, wa baba.

Niliwakuta baba na mtawa penye meza ya vinywaji. Nilimgeukia mtawa.

"Waya haikukosa. Ni miye niliivunja. Nilikunja sana, kisha nikasema uongo."

Mtawa alimtazama baba, kisha mimi. "Kumbe," akasema. "Siku ya kwanza, lete tena waya ya baba yako."

Baba ndiye aliyenichoma zaidi, na alisema kwa upole. "Kwetu ku kazi, shaba ikikuwa nguvu tunaipasha moto, inalainika. Haukuniuliza, mama."

Jumatatu, hiyo siku ya kwanza, nilianza kuweka shaba juu ya makaa ya mbabula, lile jiko letu la bati, mpaka iwe nyekundu, kisha majini. Meza ya dirishani ikawa yangu. Baadaye nikawa mwalimu wa meza hiyo chini ya watawa wasimamizi watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila msichana nilimwambia: kunja mara tatu, ya nne nenda kwenye moto. Sikuwaambia nilivyojua. Leo ninaandika.

Nimestaafu na vidole vinatetemeka. Wasiwasi haukustaafu. Juzi Veronika alikuja kunisalimia, kichwa cheupe, shali begani, na pini ile ile imeinama upande ule ule. Aliifungua akaniwekea kiganjani. Nikaitazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshashika koleo, tayari kuinyoosha.

"Dada," Veronika alisema, "weka chini ile kintu."

Niliweka koleo chini. Kisha nikamfunga shali yake, na pini ikashika.