Kibao Namba Ishirini na Saba

Kwenye kituo kikuu cha zimamoto kuna chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya matairi. Ukiingia utasikia bado harufu ya mpira, na utamkuta mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi, amevaa koti la kazi lililobadilishwa vifungo vyote, akisugua shaba kwa kitambaa. Kila mtu anamwita Mzee Ubao. Alistaafu miaka kumi na sita iliyopita, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwenye karatasi tu. Kesho yake, saa mbili asubuhi, alikuwa getini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumfukuza, wakampa stoo ile aweke vitu vya kale na kuwasimulia wageni historia ya kikosi.

Na kusimulia anajua, tumpe haki yake. Wanafunzi huingia wakipiga miayo na kutoka hawana mbavu. Atawaonyesha mkokoteni wa pampu uliovutwa na watu kumi na wawili, wale wa mwanzo kabisa, ambao mara nyingi walifika moto umeshakula na kunawa mikono. Atawaeleza habari za gari la kwanza, lililokuwa haliwaki bila kusukumwa, hata mwenye nyumba inayoungua ilimbidi aje kusaidia kulisukuma huku akiwatukana. Kisha atawasimamisha mbele ya ubao wake, na hapo sauti yake hushuka.

Ubao wenyewe ni mweusi, una misumari arobaini. Zamani, anasema, ghala moja liliungua, askari wakarudi kituoni, wakaoga, wakala, na mpaka asubuhi hakuna aliyegundua kwamba wenzao watatu hawakurudi. Kila mmoja alidhani wako chumba kingine. Baada ya msiba ule ikatungwa sheria ya vibao. Kila askari ana kibao chake cha shaba chenye namba. Kabla ya kuingia kwenye moto anamkabidhi mtu wa ubao, anayesimama mlangoni, naye anakitundika. Akitoka anakichukua kwa mkono wake mwenyewe. Hakichukuliwi na mwingine, hata awe pacha wake. Kamanda akitaka kujua kama kuna mtu ndani, haangalii moshi, anauliza ubao.

"Watu hudanganya," Mzee Ubao huwaambia wanafunzi. "Ubao haudanganyi."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ubao kwa miaka mingi, tangu moshi ulipomharibu mapafu akakatazwa kuingia ndani. Historia yote ya kikosi anaisimulia mwaka baada ya mwaka, ila mwaka mmoja anauruka. Anauruka bila kukwama, kama mtu anayejua ni kidato kipi cha ngazi ya kwake kimeoza.

Mwaka huo kiliungua kiwanda cha magodoro. Ndani yake alifia shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, mtu mrefu kiasi kwamba wenzake walimwita Ngazi. Ripoti ilisema Ngazi alitoka salama, akachukua kibao chake, kisha akarudi ndani bila amri, paa likamwangukia. Shahidi alikuwa mtu wa ubao.

Mjane wake, fundi cherehani, hakuomboleza kama wajane wengine. Alikasirika, na hasira yake ina miaka thelathini na moja sasa. "Angekufa tu, ningelia nikamaliza," husema, uzi mdomoni. "Huyu alishatoka. Alijua nyumbani kuna mke na mtoto. Akageuka." Kaburini hakwenda tena baada ya mazishi. Na nyumbani kwake akaweka sharti moja ambalo mtaa mzima unalijua: ukitoka, umetoka. Ukisahau mwavuli, ukisahau pochi, husogei hatua moja kurudi. Unasimama getini unaita, naye anakuletea, huku amenuna. Binti yake alisoma shule ya msingi yote akiletewa getini madaftari aliyosahau. Wateja walicheka mwanzoni, baadaye wakazoea.

Binti huyo sasa ni ofisa wa zimamoto, ana miaka thelathini na mitano na urefu wa baba yake. Mwaka huu kikosi kinatimiza miaka mia moja, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kitabu cha historia, na kusimamia ukuta utakaochongwa majina ya waliofia kazini. Siku moja asubuhi akaingia stoo ya matairi na jalada kwapani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Nikikuona na majalada najua leo nimekwisha."

Akacheka, akavuta kiti. "Ni sahihi moja tu. Sura ya kiwanda cha magodoro. Wewe ndiye shahidi aliyebaki, wakubwa wanataka uthibitishe kwamba iko sawa."

Mzee akavaa miwani, akachukua kalamu. Ilikuwa sentensi ile ile, imenyooshwa tu. *Askari mmoja, aliyekuwa ameshatoka salama, alirudi ndani bila amri.*

"Ukutani hataingia," binti alisema. "Wanaingia waliokufa wakitekeleza amri. Sijaja kulalamika, nilishajua. Lakini nikuulize, Mjomba. Alirudia nini?"

"Eti?"

"Kule ndani. Nilipokuwa mdogo nilijiambia labda kulikuwa na mtu analia. Nilipolisoma jalada nikakuta hakukuwa na mtu. Magodoro tu. Mtu mzima mimi, nina watoto wangu, bado najiuliza ni nini kilichomvuta kuliko mimi na Mama."

Kalamu ikabaki hewani. Kwamba mdogo wake amemkasirikia marehemu, hilo mzee alilijua na alizoea kuishi nalo, Mungu amsamehe. Kwamba mtoto naye alikuwa amekua akijipima na magodoro, hilo hakuwahi kulifikiria hata siku moja.

"Niachie hadi kesho," akasema.

"Ni sahihi tu, Mjomba."

"Niachie, mama."

Kesho yake mchana hakwenda kituoni. Alivaa kofia yake ya kutokea, akatoa kopo la chai lililokuwa nyuma ya kabati, akatia mfukoni kilichokuwamo, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta kwenye cherehani, miguu ikikanyaga, sare za shule zimemzunguka. Mzee akaweka kofia kwenye kiti cha wateja, akabaki amesimama.

"Kaka, kaa basi. Au umekuja kunipima?"

"Nina neno, mdogo wangu. Nikikaa sitalisema."

Akatoa kile kitu mfukoni, akakiweka juu ya kitambaa cha bluu, mbele ya sindano. Kilikuwa kibao cha shaba, kisafi, namba ishirini na saba. Miguu ya mdogo wake ikasimama.

"Hiki si kiliungua naye?"

"Hakikuungua. Ninacho tangu siku ile."

Akaeleza. Moto ulikuwa wa mchana, moshi wake mweusi na mzito, unakaba hata mtu wa nje. Ngazi na mwenzake, fundi wa pampu, waliingia pamoja. Fundi wa pampu akatoka peke yake, anayumba, machozi na kamasi vinamtiririka, akanyoosha mkono kuelekea kwenye ubao. Nipe changu, akasema, na cha shemeji yako, yuko nyuma yangu hapa hapa. Mtu wa ubao alijua sheria. Ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni wa kazi sheria hiyo. Lakini alitaka sana kumwona shemeji yake ametoka, na yule kasema yuko hapa hapa, basi ikawa kama ameshamwona. Akatoa vyote viwili. Fundi wa pampu akaenda hatua chache, akaanguka amepoteza fahamu.

"Kamanda akaniuliza, ubao? Nikaangalia misumari. Nikamwambia mtupu. Akapiga filimbi, watu wote wakarudi nyuma."

"Na yeye?"

"Nilikuwa namngoja atokee. Nikasema sasa hivi. Nikasema tena, sasa hivi. Nilipokuja kuelewa, paa likashuka."

Mdogo wake hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama kibao. "Mimi nilifika kwenye kamba," akasema polepole, "na mtoto mgongoni. Nikakuuliza mume wangu yuko wapi. Ukaniambia alitoka, akarudi."

"Nilikuambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Sijui, mdogo wangu. Lilitoka lenyewe. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza, na nilishindwa kukuambia nimemfungia ndani mimi. Nilipokwisha kusema kwako, ikabidi niseme hivyo hivyo kwa kamanda, na kwa waliokuja kuchunguza. Vibao nilikuwa nimeshavitoa mkononi mwa fundi wa pampu kabla hajabebwa. Alipozinduka hakukumbuka kitu, na ameshakufa naye."

Mdogo wake akachukua kibao, akakizungusha vidoleni kama anavyokagua kifungo. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo mzee alipoogopa.

"Kati ya filimbi na paa, ilipita muda gani?"

Hilo ndilo swali alilokuwa amelikimbia miaka yote. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lipo. Angeweza kusema hakumbuki. Mzee wa miaka sabini na sita, nani angembishia?

"Dakika nane," akasema.

"Ungemwambia kamanda kuna kibao kimoja, wangeingia?"

"Wawili walikuwa tayari, mitungi ya hewa imejaa mgongoni. Wangeingia."

"Wangemfikia?"

"Alikutwa hatua kumi na moja kutoka mlangoni. Uso umeelekea nje."

Basi. Yalikuwa yameisha, na hayakumpunguzia kitu. Watu husema ukitua mzigo unakuwa mwepesi. Yeye alihisi ameutua juu ya kichwa cha mdogo wake.

"Toka, Kaka," mdogo wake akasema.

Alifika getini ndipo akahisi jua utosini. Kofia ilikuwa imebaki kwenye kiti. Akasimama, kama wanavyosimama wote wanaosahau vitu katika nyumba ile, akangoja aletewe. Hakuthubutu kuita. Mlango ulikuwa wazi na cherehani ilikuwa kimya. Kisha akamsikia mdogo wake akisema, taratibu, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu wakiwa vijana.

"Baba Nanihii," alikuwa akisema, kama alivyomwita kwa utani kabla mtoto hajazaliwa na kupewa jina. "Kumbe ulikuwa unakuja. Nisamehe, mume wangu. Kumbe ulikuwa unakuja nyumbani."

Akarudia hivyo hivyo, mara nyingi. Mzee akaondoka kichwa wazi.

Kituoni aliandikisha maelezo upya. Aliyeyapiga chapa ni mpwa wake, neno kwa neno, hakumkatiza, wala hakumwita Mjomba hata mara moja. Alipomaliza akamgeuzia karatasi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa sahihi. Kamanda wa sasa, ambaye wakati wa moto ule alikuwa bado shuleni, alisoma, akatikisa kichwa, akasema kwa umri huu hakuna wa kumshtaki. Mzee angependa awepo.

Ukuta ulizinduliwa siku ya miaka mia. Mkokoteni wa pampu ulitolewa nje, kengele ikapigwa, wakubwa wakahutubia mpaka watoto wakachoka kusimama. Mzee Ubao alisimama kando, karibu na karakana. Walimwomba asimulie historia, akasema kifua kinambana.

Watu walipopungua, mdogo wake alikwenda ukutani. Alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, jipya. Akapitisha kidole kwenye jina la mumewe, herufi moja moja, akarudia kutoka mwanzo. Binti yake alisimama nyuma yake amemshika bega. Kisha akaja moja kwa moja mpaka alipokuwa kaka yake.

"Kofia yako iko kwangu," akasema.

"Najua."

"Iko pale pale kwenye kiti. Sitakuletea. Siku ukija, pita ndani uichukue mwenyewe. Lile sharti nimeliondoa. Lilikuwa halina maana."

Mzee akapiga hatua moja kumwelekea.

"Lakini usije leo," mdogo wake akasema. "Wala mwezi huu. Wala mwaka huu, Kaka. Nitakuita nikiweza."

Akaitikia kwa kichwa. Mwezi ule ule alikuwa ametimiza miaka sabini na saba.